Jinzi za balo Kadutu na kikwembe kwa fundi: pesa yako iende wapi Bukavu

Kwa anayetaka kuvaa vizuri Bukavu bila kumaliza mshahara, soko la Kadutu bado linashinda, na safari hii mtindo wenyewe umelipendelea. Suruali za kubana zimepitwa. Vijana wa Ibanda na Bagira wanataka jinzi pana za kiuno cha juu, mashati mapana mabegani, ansambo ya shati na suruali za kitambaa kimoja, na basketi nyeupe, yaani viatu vya michezo. Karibu vyote hivyo vimo kwenye marundo ya nguo za balo, yaani mitumba, mradi ujue rundo la kupekua na fundi wa kumalizia kazi.

Kwanza uelewe balo linavyouzwa. Balo la kawaida lina kilo 45, limefungwa kwa kamba ngumu, na limeandikwa aina ya nguo zilizomo: jinzi za wanaume, blauzi, za watoto. Linapofunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchagua ni wauzaji wengine. Wanatoa vipande bora, wanavinyoosha na kuvitundika kwenye vibanda vyao kwa bei ya juu zaidi. Vinavyobaki vinamwagwa chini juu ya turubai, na bei yake inashuka kadiri siku inavyoenda. Nguo iliyotundikwa imeshalipiwa macho ya mtu mwingine. Ukiwa na macho yako mwenyewe, inama kwenye turubai. Muulize muuzaji: “Mama, balo lingine unafungua siku gani?” Mwenye wateja wa kudumu atakuambia, na baada ya muda ataanza kukuwekea kando vipimo vyako. Kwangu hiyo ndiyo huduma bora Kadutu, na hailipiwi hata franga moja.

Wanawake wengi wanaotafuta jinzi pana wanapoteza muda kwenye rundo la wanawake. Nguo nyingi za balo zilinunuliwa Ulaya na Marekani miaka kadhaa kabla ya kutolewa, kwa hiyo balo hufuata mtindo kwa kuchelewa: rundo la wanawake bado limejaa suruali za kubana, kwa sababu ndizo zilizovaliwa huko. Upana unaoutafuta uko kwa wanaume, kwenye suruali za mguu ulionyooka, za pamba tupu na kitambaa kizito. Mwenye kiuno namba 30 asiogope kuchukua 32. Kiuno kinapunguzwa, paja jembamba halipanuliwi.

Soma lebo ya ndani kabla ya kusoma jina la kampuni. Ikisema pamba 100%, endelea. Ikiwa na elastani, yaani mpira, hata 1% au 2% tu, fanya jaribio hili: shika kitambaa kwenye goti, kivute kwa upana, kiachie. Kirudi palepale. Kikibaki na mawimbi madogo, mpira umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Maji moto na pasi ya makaa ndivyo vinavyouua, kwa hiyo jinzi nzuri ya mpira inaweza kuharibiwa nyumbani baada ya kununuliwa ikiwa nzima.

Kisha igeuze nje ndani na uinue mahali miguu miwili inapokutana, uelekeze kwenye mwanga. Hapo ndipo pamba inapolika kwanza kwa kusuguana. Nyuzi nyeupe zikionekana kama wavu, iache, hata kama mbele inang'aa. Vuta zipu hadi juu na kuishusha mara kadhaa. Jino moja likiruka leo, kesho ni zipu mpya na ujira wa fundi. Tazama pia ukanda wa kiuno kwa ndani, kwa sababu jasho la zamani huacha kitambaa kigumu pale na hupasuka kinapofunguliwa kushonwa upya.

Pa kujaribia hakuna, kwa hiyo vipimo ndivyo vitakavyokuokoa. Wengi wanazungusha kiuno cha suruali shingoni: ncha zikikutana kisogoni, wanasema inatosha. Kwa kiuno, njia hiyo inakaribia ukweli. Kwa makalio na mapaja haisemi kitu. Beba utepe wa fundi wa sentimita 150 na vipimo vya suruali moja inayokukaa vizuri. Kwa mtindo wa sasa kuna vipimo viwili ambavyo watu wanavisahau. Cha kwanza ni kimo cha mbele, kutoka kwenye mshono wa katikati ya miguu hadi juu ya ukanda. Kiwe kati ya sentimita 28 na 31 ili suruali ifike kiunoni kweli. Chini ya 24 itashuka kila unapoinama. Cha pili ni upana wa mguu chini, suruali ikiwa imelazwa: sentimita 22 hadi 26 ndio upana unaovaliwa leo, na ile ya kubana ina 15 hadi 17.

Namba za lebo nazo zinapoteza watu, maana balo moja linaweza kuchanganya nchi tano. Kwa nguo za wanawake, 40 ya Ufaransa inakaribiana na 38 ya Ujerumani, 44 ya Italia, 12 ya Uingereza na 8 ya Marekani. Mtu anayevaa 40 anaiona 44 iliyotengenezwa Italia na kuirudisha akidhani ni kubwa, wakati ndiyo yake.

Sasa fundi. Kupunguza kiuno cha jinzi kunaharibiwa kila siku kwa haraka. Njia sahihi ni kufungua ukanda nyuma, kutoa kishikio cha mkanda cha katikati, kupunguza kwenye mshono wa nyuma hadi chini kidogo ya makalio, kisha kurudisha ukanda. Anayekunja tu pembeni na kupitisha mshono juu ya ukanda anakuachia donge linalochoma mgongo ukikaa. Kuna kikomo pia: kwa mshono wa nyuma peke yake, usizidishe sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana hadi karibu igusane na suruali inakunjamana chini ya makalio. Ukihitaji zaidi ya hapo, mishono ya pembeni lazima ifunguliwe, na ujira wake unaweza kupita bei ya suruali. Muulize fundi ana sindano namba gani kwenye cherehani. Jinzi nzito inataka 100 au 110. Sindano ya 80 itaruka mishono au itavunjika.

Urefu upimwe ukiwa umevaa viatu utakavyovitumia. Mijini kwingine suruali pana inaachwa ifagie chini. Hapa tuna milima, na msimu wa mvua njia za Kadutu zina tope. Pindo likigusa ardhi litalika nyuma haraka. Acha sentimita 2 au 3 kutoka chini. Nguo ya balo imeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo haitapungua tena kwa urefu, lakini jinzi mpya ya pamba ifuliwe kwanza ndipo ikatwe. Chukua pia kipande kilichokatwa. Ni kiraka chenye rangi ileile, bure.

Basketi nyeupe za balo zinahitaji tahadhari moja kubwa. Soli nyepesi za povu la poliuretani huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa tu sandukuni, na baada ya miaka zinavunjika kama mkate mkavu. Bonyeza soli kwa ukucha pembeni: ikiacha alama isiyorudi, ikinata, au ikionyesha nyufa ndogo kwenye rangi ya manjano, usinunue, hata ngozi ya juu ikiwa mpya kabisa. Chagua soli ya raba iliyoshonwa kuzunguka kiatu. Ikiachia, fundi viatu anaishona upya, na inavumilia tope.

Usafi usirukwe. Nguo zimefungwa pamoja kwa muda mrefu na zimepita mikono mingi. Vidudu vya upele haviishi zaidi ya siku mbili tatu mbali na ngozi ya mtu, kwa hiyo nguo isiyostahimili maji moto ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima kabla ya kufuliwa. Pamba isiyo na mpira ifuliwe kwa maji ya moto. Harufu ya balo inapungua kwa kuloweka nusu saa kwenye maji baridi yenye siki, kisha sabuni, kisha kuanika nje ndani ili jua lisile rangi. Kalisoni, yaani chupi, na soksi nunua mpya, bila mjadala.

Maduka ya nguo mpya ya Nyawera na ya barabara ya Lumumba nayataja kwa ufupi kwa sababu yana kidogo cha kusifiwa. Ansambo zinazotundikwa mlangoni nyingi ni poliesta nyembamba, mishono ya ndani haina ukingo wa kutosha kupanua, na vifungo vimeshikwa na nyuzi mbili tatu. Muuzaji akisema ni pamba, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Nikiri uzuri wake mmoja: inakauka upesi, na hiyo si kitu kidogo wakati mvua inanyesha kila alasiri. Lakini inashika harufu ya jasho, na kwa bei ileile unapata kitambaa na fundi.

Kwa ansambo, kikwembe, yaani kitenge, ndicho jibu langu. Yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, zinatosha suruali pana, shati la mikono mifupi na kilemba kwa mtu mzima wa wastani. Michoro mikubwa inakula zaidi, kwa sababu fundi lazima aipange ili duara lisikatwe katikati ya kifua na miguu miwili ilingane. Ukiwa na yadi 4 tu, chukua michoro midogo.

Wax, yaani kikwembe cha kuchapwa kwa nta, ikiwa ya kweli ina rangi ileile pande zote mbili, kwa sababu nta na rangi vinapitishwa mbele na nyuma. Ile ya kuiga imechapwa upande mmoja, na nyuma imefifia. Ya kweli pia ina mishipa midogo isiyorudiwa sawasawa, inayotokana na nta kupasuka. Ukiona mshipa uleule ukirudi kila baada ya kipimo fulani, ni mashine iliyouchora. Maandishi ya ukingoni pekee yasikushawishi. Vlisco, kampuni iliyoanzishwa 1846, wanatengeneza wax Helmond, Uholanzi, na jina lao linaigwa mno. Chukua kitambaa cheupe chenye maji, usugue kwenye kona. Rangi ikitoka nyingi, itatoka pia kwenye shati lako.

Sioni aibu katika kikwembe cha kuiga kama kimeuzwa kwa bei ya kuiga na pamba yake ni nzito. Kinachoumiza ni kulipa bei ya Helmond kwa kitambaa cha upande mmoja.

Kabla ya kukata, kiloweke usiku mmoja kwenye maji baridi, kikauke, kipigwe pasi. Pamba mpya inaweza kupungua 3% hadi 5%, na kwenye mguu wa sentimita 105 hiyo ni hadi sentimita 5 zinazopotea baada ya kufua mara ya kwanza. Mwambie fundi aache sentimita 2 za ziada kwenye mishono ya pembeni na azungushie ukingo kwa mashine ya sirje, maana kikwembe kinachanika nyuzi haraka. Mpe nguo inayokukaa vizuri aipime. Picha ya simu inaonyesha mtindo, vipimo haionyeshi. Lipa nusu mwanzo, nusu baada ya kuijaribu kwenye kibanda chake, na uijaribu ukiwa umekaa pia.

Tarehe ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Karibu na Noeli, Pasaka na mwanzo wa masomo mafundi wanapokea nguo kuliko wanavyoweza kushona, na sirje ndiyo ya kwanza kuachwa. Kikwembe cha tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, kifike kwa fundi kabla ya katikati ya Februari, kikiwa kimeshalowekwa.