"Samaki ni samaki, dada": nilivyokula Kigoma

Jamani naandika hii bado nina kinyongo japo zimepita wiki kadhaa, jina la sehemu silitaji maana sitaki kesi na mtu, na pia huko mbele mtaona mambo yalivyokuja kugeuka mpaka nikajiona mimi ndo zuzu. Lakini hasira yangu niacheni kwanza niitoe.

Mimi mtoto wa Tanga. Samaki sikufundishwa ukubwani, nimeota meno natafuna changu na tasi, kwaiyo ukiniwekea samaki mezani namjua kwa macho kabla sijamgusa. Kazini waliponiambia naenda Kigoma kama wiki mbili hivi wenzangu wakaanza kunipa pole, eti mwisho wa reli, mimi moyoni nacheka kwa sababu nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mgebuka. Nimemsikia tangu niko shule. Mtu yeyote aliyewahi kuishi Kigoma akianza kumsimulia huyo samaki lazima afumbe macho hapo katikati. Mimi nilikuwa nimeonja wale wakavu tu, wa kuletewa zawadi wamefungwa kwenye gazeti, vichwa vimeshavunjikia njiani. Nikasema safari hii namla mbichi, nyumbani kwake, katoka majini asubuhi ile ile.

Treni siielezei sana. Reli mpya inaishia Dodoma, kutoka hapo ni ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma 1914, na ukishalala humo usiku mmoja unakubali kabisa kwamba ni ya 1914. Nikashuka stesheni mgongo umekufa, nikatafuta gesti barabara ya Lumumba, nikalala kama pono.

Kesho yake jioni nikamuuliza dada wa mapokezi, hapa mgeni anakula wapi samaki mzuri? Akanitajia sehemu moja kule chini ziwani, akasema wageni wote wanaenda kule. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo, maana kama wageni wote wanaenda kule basi wenyeji hawaendi. Sikushtuka. Nikapanda bodaboda.

Sehemu yenyewe, nisiwe mnafiki, inapendeza. Meza ziko karibu kabisa na maji, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ile, ziwa limetulia kama mafuta kwenye karai, nimepiga picha kama arobaini. Mhudumu akaja, dada mmoja ana aproni nyekundu, simu mkononi, anasoma meseji na mimi ananisikiliza kwa sikio moja. Menyu yao ina picha, na juu kabisa kuna picha ya mgebuka wa kuchoma na ugali na limao. Nikaweka kidole juu ya picha. "Huyu." Akasema sawa. Sikilizeni vizuri, alisema SAWA.

Nikakaa. Saa nzima. Familia iliyokuja nyuma yangu wakaletewa chipsi kuku, wakala, wakabishana nani analipa, wakaondoka. Jua likazama, na nyuma yangu kule juu upande wa mtaa wa Mwanga ukachomoza mwezi mkubwa mwekundu, umejaa pomoni, nikaupiga picha nao nikaweka stetasi "Kigoma raha". Hiyo picha muikumbuke.

Inakaribia masaa mawili sahani ikaja. Juu ya sahani kalala SATO.

Ndugu zangu. Mgebuka ni samaki mwembamba mrefu, anang'aa kama kisu kipya. Sato ni mpana kama kandambili. Hao huwezi kuwachanganya hata ukiwa na homa. Na huyu alikuwa amekaangwa wakati mimi nilisema wa kuchoma, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama chipsi, jicho jeupe kama kifungo cha shati la shule. Nikamfungua kwa kidole, nje anaunguza, ndani karibu na mfupa ubaridi tupu na vichembe vya barafu. Yani katolewa friza akatupwa kwenye mafuta bila hata kusalimiwa. Na mimi nimekaa wapi? Hatua kumi kutoka Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, karibu mita 1,470 kwenda chini, nakula samaki wa barafu.

Nikamwita. "Dada, mimi niliagiza mgebuka."

Akaangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia simu.

"Samaki ni samaki, dada."

Akaondoka.

Hilo neno nimelala nalo. Mtu wa Tanga unamwambia samaki ni samaki? Nenda kamwambie bibi yangu kanga ni kanga uone utakavyotoka pale mlangoni. Bora angenitukana, tusi ningelijibu, hili unalijibu nini sasa? Nilibaki na uma hewani.

Afu kaunta. Nikamweleza kaka wa kaunta kwa upole (sio upole sana), akanijibu umeshamgusa. Ndio nimemgusa, sasa ningejuaje ndani ana barafu, nimpige eksirei? 22,000, humo humo na maji makubwa ya 2,000 ambayo sikuagiza, yaliwekwa tu mezani nikadhani ukarimu wa Waha. Nikasema haya maji sikuagiza. Akasema, "Si umeyanywa." Hapo alinikamata kwa sababu kweli niliyanywa, masaa mawili utakunywa nini. Nikalipa, nikaondoka na njaa.

Asubuhi nikaamka na hasira ile ile ikapata mwenzake, naomba kahawa gesti naletewa kopo la kahawa ya unga ya dukani na chupa ya maji moto, kwenye mkoa unaolima kahawa wenyewe, Buhigwe na Kasulu huko juu milimani. Nikaona basi Kigoma na mimi hatujaandikiana. Siku mbili tatu sikumtaja samaki kwa mtu, jioni napanda zangu Mwanga nakula chipsi mayai kama adhabu, sijui namwadhibu nani. Ila mishkaki ya pale Mwanga kusema haki sina kesi nayo.

Aliyeniokoa ni bodaboda yule yule aliyenipeleka siku ya kwanza. Nilimsimulia njiani akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Dada, kule unaenda kupiga picha. Kula unaenda Kibirizi." Nikamuuliza mbona siku ile hukunambia, akasema hukuuliza, ulitaja sehemu nikakupeleka. Haya.

Kibirizi ni mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kaskazini ya mji, ndo zinapotokea boti za kwenda Gombe na vijiji vya huko juu. Usiende na viatu vya maana. Kuna tope, kuna makuli wanakimbia na magunia hawasemi samahani, kuna nzi, na harufu ya dagaa inakupokea kabla hujalipa nauli. Nikaingia kwa mama mmoja chini ya mabati, masufuria matatu juu ya mkaa, benchi limejaa wavuvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Nataka mgebuka mama, mbichi."

Yule mama akaweka mwiko chini akashika kiuno. "Mgebuka wa wapi na mbalamwezi yote hii?"

Benchi zima likacheka. Akanielewesha kama mtoto: dagaa na migebuka huku wanavuliwa usiku kwa taa, dagaa wanafuata mwanga, mgebuka anafuata dagaa maana ndo chakula chake, wavuvi wanazungushia nyavu. Mwezi ukijaa ziwa lote limewaka, taa ya mvuvi haina kazi, kwaiyo wanavuta mitumbwi nchi kavu wanashona nyavu wakisubiri giza. "Leo mgebuka hakuna, rudi wiki ijayo. Nina dagaa." Basi. Hakuniambia samaki ni samaki.

Mimi pale benchi uso umenishuka. Kwa sababu kwetu Tanga wavuvi wa dagaa nao mwezi ukijaa hawaendi! Baba yangu mdogo kazi yake ni hiyo, nimekua naona siku za mwezi yuko nyumbani anacheza bao, na leo mimi mjuzi wa samaki kwa macho nimekaa ziwani masaa mawili namsubiri mgebuka huku nimegeuka kuupiga picha mwezi uliomzuia, na stetasi nimeweka. Nilitoa simu nikaifuta ile picha. Kama vile kuna mtu angeniuliza.

Sasa hapo hasira ikayumba kidogo, nikaanza kumtetea yule dada kichwani, angemtoa wapi mgebuka masikini. Halafu nikarudi palepale, HAPANA, angesema! Maneno matatu, mgebuka leo hakuna. Mama wa Kibirizi kayasema bure na mwiko uko chini.

Wale dagaa sasa. Dagaa wa Kigoma mnawajua kwa sifa ya kutokuwa na mchanga, ila kuwala pale ni kitu kingine. Kawakaanga na kitunguu nyanya na mawese, yale mekundu yenyewe, mpaka sufuria pembeni limekuwa rangi ya machungwa, dagaa bado wamekakamaa kidogo ukiwatafuna wanalia. Pilipili kichaa mbili nzima juu. Na ugali wa muhogo, ambao kwetu tunauita bada, unavutika, una kaharufu kale ka muhogo uliovundikwa, mara ya mwisho nimekula kwa marehemu bibi. Sikusema kitu kwa muda. Mvuvi wa pembeni yangu alikuwa anashona wavu kaushikilia kwa dole gumba la mguu, anashona, anaacha, ananawa, anakata tonge, anarudi kushona, na wenzake wanamtania kwamba hata mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, yeye alishona miezi yote mitatu kama kalogwa. 3,000 nililipa. Maji ya kunywa jagi liko mezani, ila kama tumbo lako la mjini nunua ya chupa, na mawese kama hujazoea anza kidogo kidogo, mimi sikuanza kidogo kidogo na usiku ule nilijuta, hilo nalo niliseme maana nisije nikaonekana nimelipwa na Kibirizi.

Nikawa mtu wa pale kila mchana. Wikiendi nikaenda Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871 nilikaa dakika kumi, nikakimbilia kahawa. Misafara ya Bagamoyo ilikuwa inaishia Ujiji na mtu wa pwani unaona bado haijaondoka, wazee barazani, kofia, kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, nikafumba macho nikawa Ngamiani kwetu Tanga. Hayo mengine ya Ujiji nitaandika siku nyingine. Bia sinywi, kwaiyo kwenye bia msinitegemee.

Siku ya mwisho mwisho mkubwa wa ofisi ya huko akasema dada tunakuaga kwa chakula, na akachagua wapi? Palepale. Mgeni huchagui. Nikaingia nimenuna tayari, aproni nyekundu ile ikaja, ikanitambua.

"Dada wa sato! Leo mgebuka upo."

Nikasema nionyeshe. Akaenda kweli, akarudi na sinia, migebuka minne, macho yanang'aa, nikafunua shavu nyekundu kabisa. Na kule ziwani nilivyogeuka giza totoro, mwezi bado haujatoka, taa za wavuvi zimejipanga mbali kama kuna mji mwingine juu ya maji. Nikasema chomeni.

Ilichukua kama dakika arobaini. Chumvi, limao, hakuna kingine, ngozi imejikunja ikipasuka, nyama nyeupe inaachia mfupa wenyewe bila ugomvi, ina mafuta lakini haikinai. Nilikasirika. Kweli kabisa nilikasirika, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko nilivyosimuliwa na mimi nilishajiandaa kuuchukia. Nikafumba macho kama wale watu.

Alipokuja kutoa sahani nikamuuliza taratibu, siku ile mbona hukunambia hakuna? Akainama kama anapanga glasi. "Tumekatazwa kusema hakuna, dada. Mgeni akisikia hakuna anaondoka, sisi ndo tunasemwa." Sasa sijui nimwamini, maana alisema jicho liko kwenye simu, ila naona hasira yangu ilimkosea mtu, ilitakiwa iende kwa aliyekaa nyuma ya kaunta akahesabu. Au hapana, wote. Ningewapa nyota moja, siku za giza nawapa nne, siku za mbalamwezi msitie mguu, angalieni juu kwanza kabla ya kupanda bodaboda.

Bili alilipa mkubwa, mimi nikachungulia tu ile karatasi. Maji makubwa matatu, 6,000. Hatukuagiza. Chupa zote zilikuwa tupu.