Tochi ya mkononi au taa ya bastola: ununue ipi?

Hamjambo watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna tochi ya betri moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya kuchaji, ya duara na nene kidogo kuliko ya kawaida ya AA), na kuna taa ya kufunga chini ya mtutu wa bastola. Wenye silaha za leseni hapa Tanga wanauliza sana waanze na ipi. Anzeni na tochi.

Taa ya bastola inamulika pale mtutu unapoelekea. Ukitaka kujua nani yuko getini, umeshamwelekezea silaha, na huenda ni mwanao kachelewa kurudi. Faida yake ipo, tena kubwa: mikono yote miwili inabaki kwenye bastola. Ila ala yako ya zamani ya kubebea bastola haitaiingiza, na masizi ya baruti yanaganda kwenye kioo hadi mwanga unafifia. Kila ukitoka kulenga shabaha, toa risasi zote kwanza, futa kioo, kaza skrubu. Mtikisiko wa kufyatua huzilegeza.

Tochi sasa. Maandishi ya lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka, kwenye boksi yasikubabaishe. Umbali unaamuliwa na kandela, yaani ukali wa mwanga upande unaoelekezwa: kandela 10,000 kwa kipimo cha viwandani ni mita 200, na huko mwisho unabaki mwanga wa mbalamwezi tu. Kwa uani, lumeni 300 hadi 500 zinatosha. Chumba cha kuta za chokaa ukikimulika kwa lumeni 1,000, unapofuka wewe. Swichi iwe kitakoni, iwake ukibonyeza kidogo, izime ukiachia. Zile zinazoanza na kimulimuli achana nazo. Una haraka, yenyewe inakuchezea disko.

Betri ndiyo penye utapeli. 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ni uongo mtupu, nzuri nyingi ni 2,500 hadi 3,500. Mpelekee sonara aipime: halisi ina gramu 45 hivi au zaidi. Ikisoma 30, irudishe dukani.

Halafu hii chumvi yetu ya baharini. Kila mwezi fungua mfuniko wa nyuma, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, angalia springi kama imeota kutu, paka grisi ya silikoni kidogo kwenye pete ya mpira inayozuia maji. Tochi ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, safisha hapo kabla hujailaumu balbu.