Lacock au Castle Combe?

Ukishuka treni Chippenham, mji wa Wiltshire, Uingereza, swali ni lile lile: utembelee kijiji kipi kati ya hivi viwili? Kwa mandhari, Castle Combe haina mpinzani: nyumba za mawe ya rangi ya asali zinateremka bega kwa bega hadi darajani, chini yake kijito kinapita taratibu. Ila ukishapiga picha hapo, karibu umemaliza. Kijiji chenyewe kiduchu.

Lacock ina mengi ya kuchungulia. Abasia yake (makao ya zamani ya watawa) ilianzishwa 1232, na humo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waasisi wa upigaji picha, alipiga picha ya dirisha mwaka 1835: negativu ya kamera (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) kongwe kuliko zote zilizosalia. Abasia ina kiingilio. Mitaa ni bure kote kuwili.

Unategemea basi? Lacock ni rahisi zaidi. Una gari na asubuhi moja tu? Wahi Castle Combe kabla watalii hawajajaa.