Mtutu wa inchi 16, 20 au 24 kwa kulungu na nguruwe mwitu: uzoefu wangu

Nitoe la sheria kwanza, maana hapa Nakuru ndilo swali linaloanza kila mara. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977 na marufuku hiyo haijaondolewa, kwa hiyo yote ninayoandika ni ya Texas, Marekani, waliko ndugu zetu wengi. Huko nguruwe mwitu huhesabiwa kuwa waharibifu: mwenye shamba akikukubalia, unawawinda mwaka mzima, na tangu 2019 si lazima uwe na leseni ya uwindaji. Kulungu ana msimu wake na leseni ni lazima. Ila kama uko huko kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki isipokuwa kwa sababu chache, na inayowafaa wengi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Ikate hata kama unakwenda kwa nguruwe tu.

Bunduki yangu ni ya bolti, yaani unavuta na kusukuma kitasa kwa mkono kuingiza kila risasi, na risasi zake ni za saizi ya .308. Nimeitumia na mitutu mitatu, inchi 16, 20 na 24, risasi zikiwa zilezile zenye kichwa cha greni 150 (kama gramu 10). Nimebaki na 20.

Wengi huanzia kwenye kasi, na hapo ndipo pesa hupotea. Risasi hii ya kawaida huandikwa kwenye boksi futi 2,820 kwa sekunde, na namba hiyo hutoka kwenye mtutu wa inchi 24. Kila inchi unayopunguza hula takribani futi 20 hadi 25. Kwa hiyo inchi 20 hukupa kama 2,730, na 16 kama 2,630. Ukilinganisha 24 na 16 baada ya kuzilenga zote sawasawa kwa yadi 100, tofauti ya kushuka kwa risasi kwa yadi 200 haifiki inchi moja. Kwa yadi 300 ni inchi mbili na ushee. Kifua cha kulungu wa mkia mweupe ni kipana kuliko hesabu hiyo mara nyingi. Pa kuangalia ni kichwa cha risasi. Vile vya shaba tupu huhitaji kufika vikiwa na kama futi 2,000 kwa sekunde ndipo vifunguke vizuri, yaani vitanuke ndani ya mnyama, na kwa mtutu wa 16 ukiwa yadi 300 uko ukingoni. Vile vya madini laini ya risasi (lead) ndani ya ganda la shaba hufunguka hata kwa 1,800.

Hayo ni ya .308. Usiyahamishe kwa kila risasi. .300 Blackout iliundwa kwa mtutu mfupi, inchi 16 zinaitosha na kubaki. .270 na .30-06 nazipendea 22. 7mm Remington Magnum ina baruti nyingi inayohitaji nafasi ya kuungua: ukiinunulia mtutu wa inchi 20 unalipia kelele na moto tu, chukua 24 au 26.

Kinachoamua kwa kweli ni mahali utakapokaa na kitu utakachofunga kwenye mdomo wa mtutu. Mtu wa Marigat atanielewa haraka, kwa sababu vichaka vya Texas ya kusini vimejaa mesquite, ambayo ni ndugu wa damu wa mathenge wetu. Miiba ileile, matawi yaleyale ya kukunasa mkono wa shati. Humo, na ndani ya kibanda cha kuvizia chenye dirisha dogo kama la choo, mtutu wa inchi 24 hugonga kila ubao unapougeuza, na nguruwe ana masikio. (Wengi huwavuta kwa mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu. Ndiyo, mahindi mazuri. Msiniulize bei ya gunia.)

Sasa ongeza sailensa, kile kifaa cha kupunguza kelele kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Huongeza inchi 6 hadi 9 mbele. Juu ya mtutu wa 24 unabeba mti wa bendera. Juu ya 16 au 18 unarudi kwenye urefu wa bunduki ya kawaida. Hivyo uamuzi wangu ni huu: kama sailensa itakuwepo, 16 hadi 18, kama haitakuwepo, 20, kwa sababu 16 bila kitu mdomoni huupeleka mlipuko karibu na uso wako, na usiku mwanga wake hukupofusha kwa sekunde zile ambazo kundi la nguruwe linatawanyika. Vaa kinga ya masikio kwa mtutu wowote ule.

Usichague mtutu mfupi kwa ajili ya uzito. Inchi moja ya mtutu mwembamba ni kama gramu 27 tu, kwa hiyo inchi nne ni kama gramu mia moja na kitu, chini ya robo kilo ya sukari. Wala mtutu mfupi haupunguzi shabaha. Ukiwa na unene uleule, mfupi ni mgumu zaidi na hutikisika kidogo.

Ukiamua kukata ulio nao, hapo ndipo mambo huharibika. Chini ya inchi 16 bila kibali cha shirikisho ni kosa la jinai, na kipimo chake ni hiki: hakikisha haina risasi, funga bolti, shusha fimbo kutoka mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, weka alama, itoe upime. Mimi nisingekubali fundi ashuke chini ya 16.25. Mdomo lazima ukatwe kwa leithi (mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka), uwe kwenye pembe ya nyuzi 90 na tundu la ndani. Ukiinama upande mmoja, gesi hutoka huko kwanza na kukisukuma kichwa cha risasi, na matundu yaliyokuwa yakikusanyika ndani ya inchi moja kwenye karatasi yanatawanyika hadi inchi tatu. Jaribio rahisi: tumia pamba ya masikio, iburute kutoka ndani kwenda nje kuzunguka ukingo wote. Ikiacha nyuzi mahali, pana kikwaruzo. Irudishe kwa fundi.

Nyuzi za skrubu za sailensa kwa .308 kwa kawaida ni 5/8-24 (kipenyo cha inchi 5/8, nyuzi 24 kwa kila inchi). Kabla ya risasi ya kwanza pitisha fimbo iliyonyooka ya kupimia ndani ya mtutu na sailensa. Isipokaa katikati, risasi inaweza kugonga ndani na sailensa ikawa imekwisha. Ukishaifunga, lenga upya kwa risasi tatu, kwa sababu pigo huhama, mara nyingi inchi moja au mbili.

Kwa nguruwe, shusha shabaha kuliko kwa kulungu: moyo wake uko chini na mbele, nyuma tu ya kiwiko, kwenye theluthi ya chini ya mwili.

Na ukifunga safari ya Desemba kurudi nyumbani, pekua kila mfuko wa begi ulilobebea huko porini. Risasi moja iliyosahaulika ikionekana JKIA ni kesi chini ya Sheria ya Silaha, hata kama bunduki yenyewe iko Texas kabatini.