Mpungate wa chupa, wa mfuko, au wa kukata mwenyewe?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Tucson, Arizona. Leo mezani nina vitu vitatu ambavyo kumbe ni kitu kimoja: mpungate. Huu wa chupa, umelowekwa kwenye siki. Huu wa mfuko, umeshaparwa miiba kwenye duka la Wameksiko. Na huu wa kwenye ndoo nimeukata mwenyewe uani jana alasiri, ndiyo maana mnaniona nakuna kidole. Wameksiko wanauita nopal, ndio ule tai amekalia kwenye bendera yao. Mimi nimekulia Dodoma nikiujua kama ua wa kuzuia mbuzi. Kuula? Hata siku moja.

Chupa tuimalize haraka. Dola nne na ushee. Ukionja, unaonja siki na pilipili, mpungate wenyewe unautafuta. Umelegea, na utelezi wote umesuuzwa. Wa kutupia kwenye mayai asubuhi ukiwa na haraka, sawa. Mimi sirudii.

Mfuko una afadhali. Lakini kabla hujalipa, uinamishe hivi, tazama chini. Mnaona haya maji mazito? Yakiwa hayana rangi, chukua. Yakiwa ya kahawia na vipande vimeanza kuiva pembeni, rudisha rafuni, vimekaa sana.

Sasa njooni kwenye ndoo. Kwanza, kata kwako, au kwa jirani aliyekuruhusu. Arizona ina sheria ya kulinda mimea yake ya jangwani, usiingie porini na kisu ukidhani ni mchicha. Kata Machi na Aprili, majani machanga, ukubwa wa kiganja. Najua, kitaalamu hilo ni shina lililobapa, ila tuite jani tu. Jani changa lina vijipembe laini vya kijani, hivi hapa. Vikishadondoka, ujue nyuzi zimeanza, utatafuna mpaka kesho.

Na saa ya kukata ina maana. Mmea huu unafungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, ili jua lisiunyonye maji. Hewa ya ukaa inayoingia usiku unaihifadhi kama asidi, halafu mchana kutwa unaitumia. Kwa hiyo ukikata alfajiri, jani ni kali kama ndimu. Ukikata alasiri, limepoa. Nilifanya yote mawili wiki iliyopita, na mwanangu mdogo alitofautisha bila kuambiwa.

Miiba. Hii mirefu isikutishe, unaiona na inakuona. Adui ni haya manyoya, yamekaa mafungumafungu, membamba kuliko unywele, na yana vindoana. Mimi nilivaa glavu za kitambaa. Manyoya yakang'ang'ania kwenye glavu, nami nikajifuta jasho mdomoni kwa glavu hiyohiyo. Siku mbili chai naipulizia mbali! Tumia koleo refu la kugeuzia nyama, wala usiguse kwa mkono. Yakikupata, bandika selotepu, vuta.

Ukifika jikoni, shika jani kwa koleo, lipitishe kwenye moto wa gesi. Sikilizeni... tatata, hayo ndiyo manyoya yanaungua. Kisha laza kisu, kwangua kuelekea kule miiba inakotoka, kama unaparua magamba ya samaki. Kata ukingo wote kuzunguka, maana hapo ndipo inapojificha. Suuza. Jani moja dakika mbili ukishazoea, mwanzoni kumi.

Ndugu zangu wa nyumbani mnaotazama, angalizo: ukikata mmea ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, acha hapohapo. Huo si mpungate, huo ni wa ukoo wa mnyaa, na utomvu wake ukiingia jichoni safari ni hospitali. Mpungate unatoa ute usio na rangi.

Na ute huo ndio umenifanya niwashe kamera. Video nyingi mtakazokuta zinafundisha kuuondoa: chemsha, mwaga maji, suuza, chemsha tena. Jamani! Mtu aliyelelewa na mlenda anamwaga utelezi? Mimi nakata vipande vidogo kama bamia, maji kidogo sana, chumvi, na magadi kwa ncha ya kisu. Angalieni linavyotoa povu, hapo magadi yanakutana na ile asidi, ukali unashuka. Kitunguu, nyanya, halafu karanga za kusaga. Koroga, inua mwiko. Mnaona unavyovutika? Jirani yangu, mama wa Kimeksiko, alichungulia sufuria akasema nimeharibu. Akaonja, akarudi na bakuli.

Alama zangu: chupa, tatu kwa kumi. Mfuko, saba, na ndio nitakaonunua wakati wa baridi. Wa kukata mwenyewe ningempa tisa na nusu, hiyo nusu iliyobaki iko kwenye mdomo wangu. Kisha majani mawili ya ziada nimeyaacha kivulini yakauke jeraha wiki moja, nitayachomeka kwenye udongo pale karibu na bomba.

Ugali huu ni wa mtama, nimeusaka mji mzima. Ngojeni nimege tonge.