Ufunguo wa hijazi uliogeuka pambo: uzoefu wangu

Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu fomu haikubali sifuri.

Jina la programu hii ya kuandikia nota za muziki silitaji. Ni ya kulipia, ya kuburuta alama kwa kipanya, na tangazo lake linajisifu kwamba unaweza kujitengenezea upendavyo alama za ufunguo, zile shapu (za kupandisha nota nusu toni) na flati (za kuishusha) za mwanzoni mwa stafu, mistari mitano ya nota. Kutengeneza kweli unaweza. Balaa linaanza ukishatengeneza.

Chukua hijazi ya D, yaani maqamu (skeli ya Kiarabu) ya hijazi inayoanzia D, kitu cha kila siku kwa mpiga taarabu: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Mwanzoni mwa stafu zinatakiwa alama tatu: flati ya B, flati ya E na shapu ya F. Hakuna meja wala maina, zile skeli za Kizungu, yenye mchanganyiko huo, ndiyo maana unaingia kwenye dirisha la ufunguo maalumu, unaburuta alama moja moja, unaipa jina na kuipachika. Sogeza shapu kulia kidogo, maana E ipo nafasi ya juu na F mstari wa juu, zikibanana hazisomeki. Kwenye karatasi inatoka safi kabisa, hata unaanza kuwasamehe bei.

Halafu unabonyeza kitufe cha kucheza, na F inalia F kavu. Ile shapu ni picha tu! Haina habari na nota zilizo mbele yake.

Ukitaka ilie sawa, weka shapu kwenye kila F kwa mkono. Sasa programu inaichapa shapu mbele ya kila F, kana kwamba ile ya mwanzoni haipo, na ukurasa unajaa shapu tupu. Zifiche basi, moja moja. Ukimaliza, mwimbaji anasema D inamkaa chini mno, anataka G.

Hijazi ya G ni G, A flati, B, C, D, E flati, F. Alama zake ni flati mbili tu, ya E na ya A. Shapu imeondoka, kwa sababu ile nota ya tatu, ambayo kwenye D ilihitaji shapu, hapa ni B isiyo na alama yoyote. Programu ilihamisha nota vizuri, ikaziacha zile alama tatu za zamani palepale zilipo. Na kwa kuwa zile shapu zilikuwa zimefichwa, alama ya naturali (inayofuta flati au shapu) kwenye B nayo ikarithi kufichwa. Mpiga fidla anaona B chini ya flati, anapiga B flati. Nota inayoifanya hijazi iwe hijazi imekufa, imebaki nusu kurdi, maqamu nyingine, nusu sijui nini.

Karatasi ya selo ilikuwa kichekesho zaidi. Kwenye stafu ya besi F inakaa mstari wa nne kutoka chini, lakini picha haijui habari za besi, ikabaki kwenye mistari ileile ya stafu ya fidla. Mstari wa kati wa besi ni D, nafasi ya juu ni G, mstari wa juu ni A. Selo akawa anasomeshwa D flati, G flati na A shapu. Wimbo gani huo?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja fupi, la mtu aliyekunja uso: skeli hiyo si ya kawaida, tumia D maina na uongeze alama zinazohitajika.

D maina! D maina ina flati moja, ya B. Ukiifuata, E flati na F shapu zote mbili unaziandika kwa mkono wimbo mzima. Angesema G maina ningenyamaza, maana huko B flati na E flati zimo tayari, inabaki F peke yake. Mtu anauza programu ya nota na hajui hilo, halafu anakwambia wewe ndiye usiye wa kawaida. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo Unguja tangu 1905. Kampuni yao ilikuwa wapi?

Kwa hiyo nikahamia LilyPond, ya bure, ambayo unaandika muziki kama maandishi na yenyewe inachora. Hapa nitasifu, nivumilieni. Unatunga maqamu yako mara moja juu ya faili:

hijazi = #`((0 . ,NATURAL) (1 . ,FLAT) (2 . ,NATURAL) (3 . ,NATURAL) (4 . ,NATURAL) (5 . ,FLAT) (6 . ,FLAT))

Namba ni nota kuanzia C: 0 ni C, 1 ni D, mpaka 6 ambayo ni B. Wengi wanakosea hapa: wanaandika alama za D, yaani E flati, B flati na F shapu, halafu wanashangaa matokeo. Unaieleza hijazi kana kwamba inaanzia C, ambako flati zinaangukia D, A na B. Orodhesha nota zote saba, hata zisizo na alama. Kisha ndani ya muziki andika \key d \hijazi na alama tatu zinakaa mahali pake, za fidla kwa fidla na za besi kwa besi. Ukiandika \transpose d g, ufunguo unahama pamoja na nota, na kwenye G zinatoka flati mbili zile nilizotaja. Kwenye E inatoka shapu moja tu, ya G. Mwambie mpigaji mapema, la sivyo atadhani ni kosa la uchapaji.

Ile alama ya mwanzo baada ya # ni mkwaju mdogo uliolala kushoto (`), aghalabu kitufe chake kipo chini ya Esc. Ukiweka alama ya kunukuu ya kawaida, zile FLAT hazigeuzwi kuwa thamani na faili linagoma. Wapo pia wanaotumia \set Staff.keyAlterations. Inachora sawa, ila \transpose haiigusi, kwa hiyo umerudi kulekule.

Kwa maqamu za rasti na bayati pakia \include "arabic.ly", kisha \key do \rast au \key re \bayati, na nusu flati (zinazoshusha nota robo toni) zinatoka. Faili hilo linabadilisha majina ya nota kuwa do re mi, usilichanganye na lile la c d e. Robo toni kwenye MIDI, faili la kuchezwa na kompyuta, zinatolewa kwa kupinda sauti, na kifaa kisichokubali kupindwa kitakudanganya.

Sasa, haki ya Mungu, LilyPond nayo inachosha. Ufunguo haubadilishi nota unazoandika: lazima uandike fis, ees, bes kila mara, na ukisahau ukaandika f tupu inakuchapia naturali. Kwa mtu aliyezoea kipanya, jioni ya kwanza ni ya kulia. Finale, programu nyingine ya nota, ilikuwa na funguo zisizofuata meja wala maina na zikalia zilivyoandikwa, lakini kampuni yake, MakeMusic, ilitangaza Agosti 2024 kwamba imeacha kuiendeleza.

Na kuna jambo linaniuma kulikiri kwa niaba ya yule bwana wa huduma kwa wateja. Nota nyingi za Kiarabu za hijazi ya D zinachapwa na flati mbili tu, B na E, na F shapu inawekwa ndani ya muziki. Ina faida yake: mpigaji anauona ule mruko wa E flati kwenda F shapu palepale unapotokea, na wimbo ukitoka hijazi kuingia nahawandi ya G, maqamu yenye flati hizohizo mbili, hubadilishi ufunguo. Fidla waliofundishwa Kizungu wakikutana na shapu na flati zimechanganyika mwanzoni mwa stafu, wanasita. Kwa bendi inayosoma mara ya kwanza, labda hiyo ndiyo njia, na hapo hata programu yao inatosha.

Basi nyota mbili. Lakini alisema D maina. Narudisha moja.