Kinga ya meno kwa wanaosaga meno usingizini: ipi ununue, ipi uiache

Hakuna kinga ya meno (kifuniko cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala) inayokomesha kusaga, hata pakiti iseme nini. Taya litaendelea kubana usiku. Tofauti ni kwamba plastiki ndiyo itakayolika badala ya meno. Kwa hiyo cha kuangalia ni inavyokaa mdomoni, ugumu wake, na kama inafunika safu nzima mpaka gego la mwisho.

Kuna wasiopaswa kununua kabla ya kupimwa. Ukikoroma sana, ukishtuka usiku kana kwamba pumzi imekatika, au ukishinda na usingizi mchana, peleka kwanza tatizo la pumzi hospitali. Kinga za kawaida zinaweza kulizidisha. Baadhi ya dawa za sonona nazo huleta kusaga. Kama kulianza baada ya dawa mpya, mwambie aliyekuandikia, lakini usiiache kwa uamuzi wako.

1. Ngumu, ya akriliki (aina ya plastiki ngumu), ya kupimiwa. Hii ndiyo bora, hasa kwa anayesaga kwa nguvu au mwenye meno yaliyozibwa. Daktari wa meno huchukua umbo la meno yako na maabara huitengeneza, kwa kawaida ikiwa na unene wa milimita 2 hadi 3. Thamani yake kubwa iko siku ya kurudi kuijaribu: unang'ata karatasi ya rangi, alama zinaonyesha panapogusa zaidi, daktari anapakwangua hadi meno yote ya taya la pili yaiguse kwa pamoja. Hatua hii ikirukwa, jino moja au mawili hubeba mzigo wote, nawe unaamka na maumivu upande mmoja. Ikitunzwa, hudumu miaka kadhaa.

2. Tabaka mbili, nje ngumu, ndani laini. Nayo ni ya kupimiwa, na huvaliwa kwa raha zaidi, hasa na mwenye meno yanayouma kwa baridi. Kasoro yake ni kwamba tabaka huweza kuachana baada ya muda.

3. Ya kupimiwa kwa njia ya posta. Unang'ata udongo maalumu nyumbani, unautuma maabara. Inakaa vizuri kama umbo lilitoka safi, ila hakuna wa kukurekebishia.

4. Ya kulainisha kwa maji moto. Ichukue kama ya muda, miezi michache tu. Wengi huiharibu siku ya kwanza kwa kuitia kwenye maji yanayotokota wakati maelekezo yanataka yaliyopoa kidogo: inajikunja na kujishikiza yenyewe. Fuata sekunde zilizoandikwa, itoe kwa kijiko, iache maji yadondoke, iweke mdomoni, ng'ata taratibu huku ukifyonza hewa, na ukandamize kwa vidole upande wa mashavu na midomo. Kisha itumbukize kwenye maji baridi. Ukiing'ata kwa nguvu, meno yanatoboa karibu mpaka upande wa pili, na hapo ndipo itakapopasuka. Kingo zikichoma fizi, zipunguze kwa mkasi mdogo. Mwenye nyaya za kunyoosha meno asiitumie, kwa sababu plastiki hunasa kwenye nyaya.

5. Laini tupu. Kwa baadhi ya watu, ulaini huo huyafanya mataya yatafune zaidi. Anayebana kwa nguvu huitoboa upesi.

Kinga ya michezo iache dukani. Ni nene na imeundwa kwa kishindo cha kugongwa. Ile ndogo inayofunika meno ya mbele pekee usijinunulie kabisa. Meno ya nyuma yakikaa bila kuguswa huweza kusogea, na ikichomoka usiku unaweza kuimeza. Kwa mtoto usinunue yoyote kabla daktari hajamwona, maana meno na mataya bado yanakua.

Ukishaipata, isugue kila asubuhi kwa brashi laini, sabuni ya vyombo kidogo na maji ya baridi. Dawa ya meno huikwaruza, na maji moto huipinda. Iache ikauke, kisha iweke kwenye kikopo chenye matundu. Ibadilishe ikipata ufa au ikianza kulegea. Na ukiona meno hayakutani kama zamani hata muda mrefu baada ya kuivua, acha kuivaa na umwone daktari.